Mzigo Ukiwa Hewani

Mama Juu alishushwa kwenye kreni mbele ya watu, kwa sababu ya machozi ambayo hakuyalia.

Jina hilo alipewa na mafundi wa zege, maana kutwa nzima alikuwa juu, ndani ya kibanda cha vioo kwenye shingo ya kreni, akipandisha nondo, matofali na ndoo za zege. Mgeni akifika pale kwenye jengo na kuuliza mama wa kreni yuko wapi, mafundi walinyoosha kidole mbinguni, na wako waliovua kofia na kuanza kutoa pole kabla ya kuelezwa kwamba marehemu yuko hai, tena anawaona.

Siku hiyo alishuka ngazi kwa ajili ya chai. Macho yalikuwa yakimchonyota tangu asubuhi kana kwamba mtu kayarushia mchanga, na maji yakimtiririka mpaka kidevuni. Akajifuta kwa mkono wa shati. Msimamizi wa jengo akamwona. Huyu alikuwa mtu wa sauti kubwa na kofia nyeupe isiyojua vumbi. Hakuwa na roho mbaya. Tatizo lake ni kwamba kila alichokifikiria kilimtoka mdomoni kabla hakijaiva.

"Mama, mambo ya nyumbani yaache nyumbani," alisema, na mafundi wakaacha kutafuna. "Siwezi kumweka mtu anayelia juu ya vichwa vya watu."

"Silii."

"Nakuona."

"Unaona maji."

Msimamizi akasema maji na machozi yeye hawezi kuyatenganisha, hiyo ni kazi ya daktari. Basi aende kwa daktari wa macho, alete neno lake. Mpaka hapo kreni itaendeshwa na dereva wa zamu ya pili, na yeye atakaa stoo kugawa kofia na glavu. Kisha akaongeza, kwa huruma iliyouma kuliko tusi, kwamba anaelewa, mwanamke aliyeachwa ana mengi moyoni.

Ni kweli mume wa Mama Juu alikuwa ameondoka, na ni kweli hakuondoka peke yake. Lakini hakuliliwa. Siku aliyoondoka Mama Juu alibadilisha kitasa, akafua mapazia, akalala usingizi wa mtoto. Mwanamume mwenyewe hakustahili hata kikohozi. Na sasa watu wazima wenye ndevu zao walikuwa wamekaa juu ya mifuko ya saruji wakimtazama kwa huruma. Angetukanwa angejua la kujibu. Kuhurumiwa kwa jambo ambalo hukulifanya ni sawa na kuzikwa katika kaburi la mwenzio: unapiga kelele, na watu wanazidi kuimba.

Aliyemvunja nguvu ni Mikono. Huyo ndiye aliyekuwa chini akimwelekeza kwa ishara na redio, na walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu kiasi kwamba Mama Juu aliweza kujua kama amekula au hajala kwa namna alivyonyanyua kidole. Alimfuata stoo akisingizia glavu.

"Dada, siyo kwamba sikuamini," alisema. "Lakini ile boriti juzi ilinipita karibu kuliko unavyonizoesha. Mimi ndiye ninayesimama chini."

Mama Juu akampa glavu. Mikono akaondoka nazo, na baadaye akakuta zote mbili ni za mkono wa kushoto.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mwenye viatu bapa, vidole baridi na maneno machache. Alimsomesha herufi ukutani. Mama Juu alizisoma zote mpaka mstari wa mwisho, akauliza kama asome na jina la mchapishaji pale chini kwenye pembe. Daktari akasema inatosha, macho yanaona vizuri sana. Sasa anataka kupiga picha kope.

Mama Juu akamkumbusha kwamba kinachomsumbua ni macho.

"Najua. Na nazitaka kope kwa ndani."

Basi akawekwa kwenye mashine, kidevu juu ya kibao chake, paji la uso kwenye mkanda, akaambiwa atazame chini. Daktari akashika nywele za kope, akalaza kijiti cha pamba juu yake, na kwa mgeuko mmoja kope likawa nje ndani, kama mtu anavyogeuza mfuko wa suruali kabla ya kufua. Haikuuma. Ilichukiza tu. Mashine ilipiga picha kwa mwanga ambao jicho halioni, kwa hiyo Mama Juu hakuona kitu isipokuwa giza na pua yake mwenyewe. Kope la juu, kope la chini. Jicho la kulia, jicho la kushoto. Halafu akaambiwa akae tu atazame mbele, apepese kama kawaida, mashine ikaendelea kurekodi.

Picha zilipokuja kwenye skrini zilikuwa za kijivu, zenye mistari myeupe iliyosimama safu. Daktari akaeleza kwamba ile mistari ni tezi za mafuta. Zimejipanga ndani ya kope kama meno ya kitana, kila moja na tundu lake ukingoni, karibu na nywele. Mama Juu hakuona kitana. Aliona nondo, zile zinazosimamishwa kabla zege halijamwagwa. Upande wa pua zilikuwa ndefu na zimenyooka. Katikati zilianza kuwa fupi na kupinda. Upande wa sikio palikuwa peusi, hakuna hata moja.

"Nani kaiba nondo hapa?" aliuliza.

Daktari akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema mafuta ya tezi hizo hutandazwa juu ya machozi, yakawa kama kifuniko; bila kifuniko, machozi yanakauka kabla ya wakati. Mama Juu akamkatiza. Hilo alilijua, akasema: zege likimwagwa juani bila kufunikwa, maji yanakimbia, linapasuka, kisha unamwagia maji mengine kwa pupa na yanamwagikia pembeni bila faida. Daktari akamwangalia kidogo, akasema hajawahi kulieleza vizuri namna hiyo, na kama hajali atalitumia kwa wagonjwa wengine.

"Kwa hiyo yananitoka maji kwa kuwa ni makavu."

"Ndiyo. Una macho makavu."

"Hilo mama mkwe aliligundua zamani. Tena bila mashine."

Kisha akauliza swali lililokuwa limemkaa kooni: zile zilizokosekana zitarudi lini. Daktari hakumzungusha. Zilizokufa hazirudi. Zilizobaki zinaweza kutunzwa, zikafanya kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta haujengeki.

Mama Juu akatazama ule weusi kwa muda. Akajiona mwenyewe kwenye jengo la aina hiyo: nguzo zimebaki nusu, na mtu anakuuliza kama unaweza kupandisha ghorofa nyingine. Kazi ya namna hiyo angeikataa. Lakini hili jengo lilikuwa lake, na wapangaji walikuwa ndani.

Daktari akafungua ile rekodi ya kupepesa. Jicho la Mama Juu likatokea kubwa kama sahani, limekodoka. Likakaa hivyo. Likakaa tena. Hatimaye kope la juu likashuka mpaka nusu, likageuka na kurudi juu, kama mgeni aliyefika mlangoni akasikia ugomvi ndani.

"Hapo ndipo umepepesa," daktari alisema. "Kope zikigusana ndipo tezi zinakamuliwa. Zako hazigusani. Unafanya kazi gani?"

Akamwambia. Akamweleza na sheria ya kazi, ile aliyofundishwa kabla ya kufundishwa jina la kifaa chochote: mzigo ukiwa hewani, usipepese. Macho yako ndiyo kamba ya pili. Ukifunga macho, umeachia kamba. Madereva wote aliowafahamu walifuata hivyo, na akijumlisha na feni ya kibandani inayompuliza usoni kutwa, alianza kuuona ule weusi ulikotoka.

Daktari akauliza nani alimfundisha.

"Baba yangu. Naye alikuwa dereva wa kreni."

"Macho yake yako vipi?"

Mama Juu akakumbuka.

Mama yake alipofariki, baba alirudi kazini matanga yalipokwisha, na tangu siku hiyo maji hayakumkauka usoni. Wakubwa wa kazi wakasema mzee wa watu amevunjika moyo, hawezi kukaa juu. Wakamshusha. Wakampa kiti getini, awe anafungua na kufunga mpaka umri wake wa kustaafu ukafika. Hakubisha. Mtaa mzima ulijua kwamba yule ndiye bwana aliyeshushwa kwa kilio, na Mama Juu, wakati huo msichana wa shule, alilijua hivyo hivyo na kulinyamazia.

Daktari aliandika kwamba mgonjwa anaona vizuri na anaweza kuendesha, kwa sharti moja: ukungu ukitanda machoni, asimamishe mzigo, apepese mpaka aone safi, ndipo aendelee. Akampa matone. Akamwonyesha jinsi ya kuweka kitambaa cha moto juu ya kope na kuzisugua taratibu kuelekea ukingoni. Akamtumia na ile picha kwenye simu, kwa kuwa aliiomba.

Nyumbani alimkuta baba yake kwenye kiti chake karibu na dirisha, macho mekundu, kitambaa mkononi, kama alivyokuwa kila siku. Mama Juu alianza kusema kabla hajautua mkoba. Alidhani amembebea zawadi. Alimweleza kope, mafuta, kupepesa nusu. Alimwekea picha mbele ya uso.

"Baba, hukuwa unalia," alimaliza. "Zilikuwa kope."

Mzee aliisogeza simu mbali, akaileta karibu, akauliza upande wa pua ni upi. Akaonyeshwa. Akatikisa kichwa kwa zile nondo zilizokosekana, kama fundi anayeikagua kazi ya fundi mwingine. Kisha akarudisha simu.

"Macho yaliniuma, ndiyo. Mambo ya kope siyajui. Lakini kulia nililia, mwanangu. Kila siku. Kule juu ndiko nilikopata nafasi, maana hapa chini mlikuwepo ninyi."

Mama Juu akakaa, mkoba ungali begani.

"Na sikuangusha mzigo," mzee aliendelea. "Hata msumari. Kawaulize. Walinishusha kwa machozi, hawakunishusha kwa kazi. Sasa wewe usinitetee kwa kuninyang'anya kilio cha mama yako. Nilimlilia vizuri."

Binti wa Mama Juu, aliyekuwa akifanya kazi za shule mezani, aliacha kuandika.

Mama Juu akamwuliza kwa nini basi alikubali kushuka. Mzee akasema hakuwa na la kuwaambia. "Wewe unalo," akamaliza, akageukia dirisha.

Lakini aliposikia habari ya kusimamisha mzigo hewani ili mtu apepese, baba yule yule aligeuka tena kwa kasi. Jambo hilo halifanyiki, akasema. Mzigo unaosimama katikati ya njia ni aibu ya dereva. Hata aliyemfundisha yeye hakuwahi kusimamisha. Watamcheka.

"Wacheke tu, baba. Watacheka wakiwa hai."

Mzee hakulipenda jibu. Jioni hiyo Mama Juu alichemsha maji, akakamua vitambaa viwili, cha pili akakilaza machoni pa baba yake bila kumwomba. Mzee alinung'unika kwamba mambo ya kukanda uso ni ya maharusi, lakini hakukiondoa. Baadaye kidogo akauliza kama maji ya moto bado yapo. Mjukuu akawatazama wote wawili, vichwa nyuma, nyuso zimefunikwa, akasema wanafanana na unga wa mkate unaosubiri kuumuka.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Na mchana, akiwa stoo, Mama Juu alijizoeza kupepesa: anafunga mpaka kope zigusane, anabana kidogo, anafungua. Alijizoeza akigawa kofia, akigawa glavu, akipokea buti zilizochanika. Mafundi waliona mama wa watu anawarembulia macho mmoja baada ya mwingine bila ubaguzi. Fundi rangi mmoja alirudi kesho yake kanyoa na kujipulizia manukato. Alipewa kofia, akaambiwa aende akapake ukuta.

Siku aliyopeleka neno la daktari, msimamizi alilisoma akiwa amesimama, akalirudia, akauliza kwa hiyo sasa halii tena. Mama Juu akamwambia hilo halikuandikwa. Lililoandikwa ni kwamba anaona na anaweza kuendesha. Msimamizi akakuna shingo. Kesho vinapanda vioo vya ukumbi, akasema, na upepo upo. Basi kesho apandishe kimoja, yeye atakuwa ghorofa ya juu kabisa, uso kwa uso na kibanda. Akiona chozi, mjadala umekwisha, mama atabaki stoo moja kwa moja.

"Angalia mzigo," Mama Juu alimwambia. "Usiniangalie usoni."

"Nitaangalia vyote."

Asiyebeba huona mzigo wa mwenzake ni kanda la usufi. Lakini Mikono, ambaye alikuwa amekaa karibu akifunga kamba za buti, alisimama akasema yeye mwenyewe ndiye atakayekipokea kile kioo kule juu. Hakueleza zaidi. Alikuwa amevaa glavu mbili za mkono wa kushoto.

Asubuhi Mama Juu alipanda ngazi polepole, akaingia kibandani, na jambo la kwanza akaigeuza feni ikatazama miguu. Akadondosha matone. Chini, kreti la kioo lilikuwa tayari kwenye minyororo, na eneo limefungwa kwa utepe. Getini palikuwa na mzee mwenye fimbo, kavua kofia, katazama juu. Mama Juu hakuwa amemwalika baba yake. Wala hakushangaa.

Kreti likaondoka chini kwa ulaini. Likapita ghorofa za kwanza, sawa. Akapepesa, sawa. Lilipofika juu ya nusu upepo ukaja kutoka ubavuni, ukapenya kwenye ufa wa mlango wa kibanda, na macho yakaanza ule mchezo wao: mchanga kwanza, kisha joto, kisha ukungu. Mikono akawa kivuli chenye vivuli vidogo.

Mwili wake wote ulitaka kukodoa. Miaka yote aliyofanya kazi ilikuwa imekaa ndani ya zile kope, inamwambia ashikilie, amalizie, asiachie kamba ya pili. Akasimamisha mzigo.

Redio ikakoroma. Msimamizi anauliza kuna nini.

"Napepesa," alisema.

"Unafanya nini?"

"Napepesa macho. Subiri."

Redio ilikuwa wazi kwa wote, na kicheko kikapanda kutoka chini, ghorofa kwa ghorofa, mpaka kikafika kwa watu wa kupaka plasta. Kreti likaning'inia hewani mahali ambapo kreti halining'inii. Mama Juu akafumba. Kope zikagusana. Akazibana, akahesabu pumzi, akafungua. Akarudia, wala hakuharakisha. Msimamizi akasema kitu kuhusu muda. Akafumba tena. Alipofungua mara ya mwisho, Mikono alikuwa amerudi na vidole vyake vyote, kila kimoja na mahali pake, na kidole cha shahada kilikuwa kinamwambia: njoo.

Akaja. Akalipeleka kreti juu ya ukingo, akalivusha juu ya kichwa cha Mikono kwa nafasi ile aliyomzoesha, akaliweka juu ya mbao. Halikutoa hata mlio.

Na hapo maji yakamtoka. Yalikuja mengi, yakapita mashavuni, yakaingia kwenye ukosi wa shati. Inawezekana ulikuwa upepo. Inawezekana ni ule upande wa sikio usio na nondo. Inawezekana ni yule mzee getini, aliyekuwa amenyanyua fimbo yake juu kama mtu anayeipungia meli. Mama Juu hakujisumbua kuchambua. Hakunyanyua mkono wa shati. Aliuacha uso wake hapo hapo kwenye kioo, uonekane.

Msimamizi akauona. Akabonyeza redio.

"Mama, unalia."

"Nalia, ndiyo," alisema Mama Juu. "Mzigo umefika?"

Msimamizi akalitazama kreti. Akaliwekea kiganja, akalizunguka akitafuta ufa, akainama pembe ya chini. Kabla hajanyanyuka, ni Mikono aliyejibu, akiwa tayari amefungua mnyororo wa mwisho.

"Umefika, dada. Leta wa pili."

Wote wakamtazama msimamizi. Akaisukuma kofia yake nyeupe nyuma, akajifuta paji la uso, na glavu yake ikaacha alama ya vumbi mbele ya kofia. Kisha akasogea pembeni kupisha minyororo.

Ndoano ikaanza kushuka tupu. Njiani Mama Juu akaisimamisha tena, bila sababu ambayo mtu angeiona, akafumba macho mpaka kope zikagusana.